Kisanduku cha vidonge cha wiki nzima: kizuri, ila zijue dawa zako kabla hujakijaza

Leo nataka kusema habari ya kile kisanduku cha plastiki cha kupangia vidonge, ambacho siku hizi kinauzwa kwenye maduka ya dawa na hata kwa wauza vyombo vya ndani. Changu kimetoka Darajani, Unguja. Dada yangu alikinunua shilingi 12,000, akanipelekea Wete, Pemba, kwa boti. Ni trei moja yenye vijaluba saba vya rangi mbalimbali, kila siku ya wiki na kijaluba chake, na kila kijaluba kina vyumba vinne vyenye vifuniko: asubuhi, mchana, jioni na usiku. Kabla yake nilikuwa na kile cha shilingi 4,000, mstari mmoja wa vyumba saba tu, kwa hiyo naweza kuvilinganisha.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeibana kwa mambo nitakayoyataja, na mengi katika hayo hayahusiani na plastiki.

Mtumiaji si mimi, ni mkwe wangu, mama wa mume wangu, bibi wa miaka sabini na kitu mwenye presha na sukari. Anakunywa amlodipini mara moja kwa siku, losartani mara moja, zote mbili za presha, metformini ya sukari mara mbili, na usiku dawa ya mafuta ya damu. Mimi nashona nguo hapahapa nyumbani, wenzangu wote wanatoka asubuhi, basi habari ya dawa ikaniangukia mimi.

Faida yake ya kwanza ni kuondoa mabishano. Kabla ya kisanduku mazungumzo yetu ya asubuhi yalikuwa hivi:

"Mama, dawa ushakunywa?"

"Nishakunywa, mwanangu."

"Zote?"

"Hebu niache na chai yangu."

Sasa siulizi. Nainua kifuniko tu. Chumba kikiwa kitupu, kanywa. Kikiwa kimejaa, tunazungumza. Wala sizungumzii usahaulifu peke yake. Baada ya muda niliona kuwa vyumba vya Ijumaa vinabaki vimejaa mara kwa mara, kwa sababu Ijumaa Mama anakwenda Utaani kwa dada yake na anarudi magharibi. Hakusahau, dawa ndizo zilizobaki nyumbani. Hapo ndipo nilipoiona thamani ya vijaluba vinavyochomoka: kijaluba cha Ijumaa anakitia kwenye mkoba wake pamoja na tasbihi, anakwenda nacho. Kile cha shilingi 4,000 huwezi kukikata kipande.

Jengine nililoligundua kwa kuangalia vyumba ni kwamba siku anazojihisi mzima alikuwa anaruka dawa ya presha. Hilo si lake peke yake. Nusu ya watu wazima ninaowajua wanaamini presha ikishuka imepona. Presha haiumi. Unaweza kuwa nayo juu kabisa na huku unapalilia muhogo, na kipimo kizuri unachokiona leo ni kwa sababu ya kidonge cha jana. Daktari wa pale spitali alimwambia Mama maneno hayohayo, lakini aliyaamini alipoona mwenyewe kwenye mashine vipimo vya siku alizokunywa na siku alizoruka.

Sasa malalamiko. Kijaluba kimeandikwa herufi za kizungu: S, M, T, W, T, F, S. Kuna T mbili na S mbili! Hata mimi niliyesoma skuli nilisita ipi ni Jumanne na ipi ni Alhamisi. Mama kasoma chuoni, msahafu anausoma bila ya kigugumizi, lakini herufi za kizungu hazimwambii kitu. Nikakata plasta ya kidonda, mjukuu wake akaandika kwa wino siku zote kwa hati za Kiarabu, kuanzia Jumamosi kama tunavyohesabu wenyewe, na tukabandika juu ya vifuniko. Vile vijipicha vya jua na mwezi vilivyochapwa kuonyesha asubuhi na usiku vilianza kufutika mapema tu, kwa hiyo msivitegemee.

Ila hayo yote ni madogo. Kubwa ni lile la kukijaza.

Mwanzoni kabisa, kabla sijatia hata kidonge kimoja, nilikusanya dawa zote za Mama na kuziweka kwenye sinia: za kabatini, za chini ya mto, za kwenye mkoba, na zilizokuwa ndani ya kopo la tambuu. Maboksi mawili yalikuwa na majina tofauti kabisa, rangi tofauti, moja kapewa spitali na jengine limenunuliwa dukani zilipokosekana. Chini ya jina kubwa la kila boksi pameandikwa kwa herufi ndogo jina la dawa yenyewe. Kwenye yote mawili ni lilelile: losartani, miligramu 50. Mama alikuwa anakunywa zote mbili kila asubuhi, na ndiyo maana kila akisimama kutoka kwenye mswala alikuwa anashika ukuta. Nilimpigia simu mfamasia tunayenunua kwake, akaniambia nisikisie, nimpeleke Mama apimwe, na tuende na maboksi yote mkononi. Daktari alithibitisha kuwa dawa ni moja tu, lile la pili tukalitoa.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza jambo moja la kufanya kabla ya kununua kisanduku, namwambia asome herufi ndogo. Jina kubwa ni la kiwanda na linabadilika. Jina dogo ndiyo dawa. Kila dawa kwenye sinia unatakiwa uweze kusema ni ya nini, kipimo gani, mara ngapi, na kabla ya chakula au baada. Kama ipo usiyoweza kuisemea, haiingii chumbani mpaka uulize. Kuuliza dukani ni bure. Wapo wauzaji wanaokukatia maneno, kweli, na hao mimi siwarudii. Wa kwetu anatoa kalamu anaandika juu ya boksi kwa Kiswahili: "YA SUKARI. Pamoja na chakula."

Hiyo ya "pamoja na chakula" ilituokoa. Metformini ilikuwa inamsokota Mama tumbo na kumharisha, akaanza kuichukia. Kumbe alikuwa anaimeza alfajiri kwa maji matupu, chai inakuja saa mbili baadaye. Tukaihamishia kwenye chai yenyewe, anaimeza katikati ya mkate wa kumimina, tumbo likatulia. Metformini inajulikana kwa kusumbua matumbo, hasa mwanzoni, na chakula kinapunguza shida hiyo. Amlodipini nayo ina tabia ya kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Jirani yangu ilimfanyia hivyo, akaitupa bila ya kumwambia mtu. Angelirudi spitali wangemshushia kipimo au wangembadilishia. Dawa za namna hiyo zipo nyingi, hulazimiki kuchagua baina ya miguu iliyovimba na presha ya kutisha.

Kisanduku kina vyumba vinne, na hapo pana mtego. Watu wanaona vyumba wanadhani kila dawa ijaze vyumba. Bahasha ya dawa ikiandikwa 1x3 maana yake ni kidonge kimoja mara tatu katika saa 24. Kwa antibiotiki kama amoksilini, hizo mara tatu zigawanywe karibu sawa, kila baada ya saa nane: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. Ukitia kwenye asubuhi, mchana na jioni utakuta dozi tatu zimerundikana mchana, na usiku wote mwili hauna kitu. Antibiotiki mimi sizitii kabisa kisandukuni. Ni za siku chache, zinabaki kwenye pakti yake na naandika saa juu ya boksi. Na zinakunywewa kama daktari alivyoandika. Habari ya kubakisha vidonge vitano "vya akiba" kwa ajili ya mtoto akikohoa, tafadhalini tuiache. Kikohozi kingi cha mafua ni cha virusi, na amoksilini haigusi virusi.

Vyengine nisivyovitia: vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, maana unyevu unaviharibu. Kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa mwenye maumivu ya moyo kinabaki kwenye kichupa chake cha kioo, kikitolewa kinapoteza nguvu. Dawa ya kifafa ya valproeti nayo inavuta unyevu, iache kwenye pakti yake mpaka wakati wa kumeza. Na kwetu Pemba unyevu tunaujua. Masika yakiingia chumvi inakuwa maji kikombeni. Boksi nyingi zimeandikwa hifadhi chini ya nyuzi 30, pakavu, na kisanduku changu vifuniko vyake havibani sawasawa, hewa inapita. Ndiyo sababu najaza wiki moja tu, sijazi mbili, na nakiweka chumbani juu ya kabati. Jikoni hakikai, wala juu ya friji hakikai, friji kwa juu ina moto. Msimu wa karafuu kilisahauliwa barazani siku nzima karibu na majamvi, juani, na vile vidonge vya siku hiyo sikumpa, nikavitoa vyengine kwenye boksi.

Boksi halitupwi! Hili ndilo kosa la kisanduku kwa asili yake: kikishajazwa, vidonge vinakuwa havina jina wala tarehe ya kumalizika muda wala namba ya toleo. Siku mamlaka, kwetu sisi ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ikitangaza kuwa toleo fulani la dawa lirudishwe, mwenye kisanduku peke yake atajuaje? Tena rangi haisaidii. Mwezi huu amlodipini imekuja nyeupe ya mviringo, mwezi ujao kiwanda chengine, kidonge chengine. Mimi mabaki yote yapo kwenye kopo la biskuti, kila dawa ndani ya boksi lake na karatasi yake. Na tukienda kliniki tunakwenda na kopo. Kisanduku hakimwambii daktari chochote.

Mama aliniomba nimpondee metformini kwa sababu kidonge ni kikubwa. Nikauliza kwanza. Za kawaida zinaweza kukatwa, lakini zile zilizoandikwa SR au XR, au "retard" kama nifedipini ya presha wanayopewa wengi, haziguswi kwa kinu wala kwa meno. Zimetengenezwa kuachia dawa kidogokidogo kwa saa nyingi, ukiiponda inaingia yote kwa mpigo na presha inaweza kuanguka ghafla. Ya Mama ilikuwa ya kawaida, tukaikata nusu mbili, anazimeza moja baada ya nyengine.

Akisahau je? Chumba cha asubuhi tumekikuta kimejaa adhuhuri: dawa ya mara moja kwa siku anainywa alipokumbuka. Kama wakati wa dozi ya pili umeshakaribia, ile ya kwanza tunaiacha. Hatumezi mbili kufidia. Kisanduku hapa kinatia tamaa mbaya, maana mtu akiona chumba kimejaa anataka kukisafisha.

Maumivu ya magoti ndiyo yaliyonipa shida kuliko sukari. Kila anayekuja kumuona Mama anakuja na pakti ya vidonge vya maumivu, na vingi ni diklofenaki. Nia njema kabisa. Lakini diklofenaki, na ibuprofeni vilevile, inapandisha presha, inaweza kuchubua tumbo mpaka likatoka damu, na kwa mtu wa umri huo anayekunywa losartani inaweza kuzidhuru figo. Akiwa anakunywa na dawa ya kupunguza maji mwilini ndiyo zaidi. Mfamasia alimwambia Mama magoti yakimuuma aanze na parasetamoli, na ya kupaka akitaka. Parasetamoli nayo ina mpaka wake: kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite saa nne angalau. Mtu mwembamba sana au mwenye maradhi ya ini apewe pungufu, aulize. Mtego ni kwamba parasetamoli imejificha. Imo ndani ya Panadol, imo kwenye dawa nyingi za mafua, imo kwenye vile vidonge vilivyochanganywa na diklofenaki. Mtu anakunywa aina tatu anadhani anatibu mambo matatu, kumbe ini linapokea parasetamoli mara tatu. Ikizidi, ini linaharibika na siku ya kwanza huenda hata usijihisi vibaya. Dawa za maumivu, kwa hiyo, hazina chumba kwenye kisanduku chetu. Zinatoka kwa mkono wangu, zikihitajika. Na dawa za miti anazoletewa kutoka shamba tumemtajia daktari bila ya haya, akaandika kwenye daftari.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa wa kisanduku hichi, kwa sababu aliyekibuni hakufikiria kuwa kuna mwezi mzima ambao asubuhi na mchana havina kazi. Nimebandika plasta mpya: chumba cha jioni kikawa FUTARI, cha usiku kikawa DAKU. Ila kuhamisha vidonge si kazi ya plasta. Tulikwenda kliniki katika mwezi wa Shaabani, kabla ya kuandama. Amlodipini ilihamia futari bila ya matatizo, metformini ikagawanywa futari na daku. Kwa jirani yetu anayetumia glibenklamidi, nayo dawa ya sukari, habari ilikuwa nyengine. Dawa hiyo inaikamua kongosho itoe insulini hata kama hujala, na mfungaji anaweza kushukiwa na sukari alasiri: kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa. Yeye walimbadilishia dawa kabisa. Wote wawili waliambiwa wapime sukari mchana, na ikishuka chini ya 3.9 kwenye mashine, wafungulie palepale, hata ikiwa imebaki nusu saa kwa adhana. Mama alisita kuhusu kutoboa kidole. Wanazuoni wengi wanasema hakubatilishi saumu, na sheikh wa msikitini kwetu alimwambia hivyohivyo, roho ikatulia.

Kwa nyumba yenye watoto, sikilizeni. Kifuniko kinafunguka kwa ukucha. Kimeumbwa hivyo makusudi kwa ajili ya vidole vya wazee, na mtoto wa miaka miwili anakifungua haraka kuliko Mama. Ndani mna vidonge vya rangi kama pipi. Kidonge kimoja tu cha glibenklamidi kinaweza kumshusha sukari mtoto mdogo mpaka akazirai, na amlodipini inaweza kumwangusha presha. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito navyo ni sumu kwa mtoto akivila vingi, na hivyo ndivyo vinavyoachwa ovyo kuliko vyote. Mtoto akimeza, usimtapishe, usimpe maziwa ukasubiri. Mbebe na boksi la dawa, spitali moja kwa moja. Changu kinakaa juu ya kabati kama nilivyosema, na Mama akikitaka ananiita.

Ubora wa kisanduku chenyewe: bawaba ni plastiki nyembamba iliyokunjwa, na cha Jumatano kimeshakatika mguu mmoja wa kifuniko, nimekizungushia mpira. Trei ni imara. Chumba kinachukua vidonge vitano vya kawaida, au vitatu vikiwemo viwili vikubwa. Kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na kiachwe kikauke usiku mzima kabla ya kujazwa. Mimi nakiosha Alhamisi usiku kinapobaki kijaluba cha Ijumaa peke yake, nacho Mama kashakitia mkobani, na najaza Ijumaa baada ya sala, cherehani ikiwa imezimwa na hakuna mteja mlangoni. Nikijaza, mjukuu anasoma majina kutoka kwenye daftari na mimi natia. Mtu mmoja peke yake akiwa anazungumza na simu asijaribu kazi hii.

Kama dawa zako ni za mara moja kwa siku tu, nunua kile cha shilingi 4,000, kinatosha. Kama ni za mara mbili na zaidi, tafuta cha vijaluba vinavyochomoka. Kabla ya kulipa fungua na ufunge vifuniko vyote dukani, kimoja kimoja, na anayekiuza akinuna mrudishie chake. Na kama unatumia insulini, hichi hakikuhusu: yako inataka friji, kati ya nyuzi 2 na 8, isigande, na umeme ukikatika muda mrefu tia kichupa kwenye mfuko usiopitisha maji, uuweke ndani ya mtungi wa udongo uliolowanishwa, kivulini panapopita upepo.